Kabla hamjamwaga tope la Kilindini baharini, tuonyesheni lilivyopimwa

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, na tafadhali usinikate sana maana hili jambo likikatwa katwa linabaki lawama tupu. Mimi ni mama karanga hapa Likoni, nakaanga samaki nauza jioni, na nimeshakaa kwenye mikutano mingi ya haya mambo ya bandari, mara gati jipya, mara mkondo wa kupitia meli uongezwe kina, mara bomba la mafuta, na kila mkutano wanaume wa baharini wanauliza lile lile la fidia, tutalipwa ngapi, lini, na mbona fulani yumo kwa listi na hata kuogelea hajui. Fidia ni haki ya mvuvi na mimi sina ubaya nayo. Lakini kuna swali lingine ambalo ukiuliza watu wa meza ya mbele wanaanza kuangaliana: hilo tope mnalofukua chini ya meli mkaenda kulimwaga baharini, ndani yake mna nini?

Mkutano mmoja bwana mmoja alinijibu hivi, "mama, hayo ni matope tu, yametoka baharini yanarudi baharini". Watu wakacheka, mkutano ukaendelea, soda zikaletwa.

Sasa mimi sikucheka kwa sababu bandari ya Kilindini si ufuo wa Msambweni. Hebu tukumbushane kidogo, manake vijana wengi hawajui. Kiwanda cha kusafisha mafuta pale Changamwe kilianza kazi 1963 kikasimama 2013, hiyo ni miaka hamsini ya meli za mafuta ghafi kuingia na kutoka. Mwaka 1988 pale Makupa yalimwagika mafuta karibu tani 5,000, mikoko ikafa kama hekta kumi hivi, wazee wa Tsunza na wa upande wa Jomvu wanaozijua hizo hori vizuri wanakumbuka. Halafu 2005 mwezi wa nne meli ya mafuta ya Ratna Shalini ikavuja ndani ya bandari, mafuta ghafi yakasukumwa na maji mpaka mikoko ya Port Reitz, na vijana wakawa wanazoa mafuta kwa mikono kama hawajui ni nini. Ongeza jaa la Kibarani lililokuwa pale kando ya maji miaka na miaka mpaka likaja kufungwa, ongeza oili chafu za magereji ambazo mvua ya masika ikipiga zinateremka zote mitaroni mpaka baharini, ongeza moshi wa malori na wa meli wenyewe ambao masizi yake lazima yatue mahali. Sasa niambie, hayo yote yalikwenda wapi? Juu ya maji huyaoni. Maji yako safi, watalii wanapiga picha juu ya feri.

Yako chini. Mimi hili nimelielewa kwa jikoni kabla sijaelezwa na mtaalamu yeyote. Sufuria ya mafuta ukiisuuza na maji matupu mafuta yanakuangalia tu, lakini ukitia jivu yanashikwa papo hapo. Basi tope jembamba la bandarini ndiyo jivu lenyewe. Kuna sumu za mafuta na za masizi zinaitwa PAH, kwa kirefu polisaikliki aromatiki haidrokaboni, ziko nyingi za aina aina, Wamarekani wamechagua 16 za kuangaliwa kwanza. Zile ndogo kama nafthalini, ile ya vidonge tunavyowekea nguo kabatini, zinaruka haraka na hewa. Zile kubwa hazitaki maji kabisa, zikiingia baharini zinatafuta chembe ya tope au kitu kilichooza zinang'ang'ania hapo, zinazama nayo, na chini kule hakuna jua wala hewa ya kuzivunja kwa hiyo zinakaa. Mojawapo ni benzopirini, na hiyo shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeiweka Kundi la 1, yaani si ya kudhaniwa tena, inaleta saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo tope la chini ya gati si tope la jana. Limepangana, la juu ni la juzi juzi, chini yake la zamani, ukiteremka zaidi unafika mpaka miaka ya yale mafuta ya Makupa. Likiachwa limelala, mengi ya hayo yanalala nalo. Ukilifukua umeyaamsha yote.

Hapa ndipo nataka wasomaji wako wanisikilize vizuri kwa sababu ndipo ujanja unapoweza kupita bila mtu kusema uongo hata mmoja. PAH zinashika tope jembamba, mchanga hazishiki sana. Sasa mkondo wa meli wa nje, kuanzia mlango wa Likoni kwenda bahari kuu, chini ni mchanga na mawe ya matumbawe kwa wingi. Huku ndani kwenye magati na karibu na mahali meli za mafuta zinafunga, chini ni tope jeusi laini. Ukichukua sampuli kumi za nje na mbili za ndani ukazijumlisha ukagawanya, utapata nambari nzuri kabisa, ya kuwekwa kwenye ripoti na picha ya kasa. Ile wastani imefunika. Na ukichukua sampuli ya juu juu tu, ya kijiko, ukaacha ya chini ambayo ndiyo dreja, yaani meli ya kufukua, itakayoifikia, umepima tope ambalo si lile utakalomwaga. Mimi si mkemia lakini kugawanya najua, nafanya kila jioni.

Na tena kuna jambo la meli yenyewe. Hizi meli kubwa za kufukua zinavuta tope na maji kwa bomba kama zinakunywa, tumbo likijaa maji yanafurika yanarudi baharini hapo hapo. Mchanga unatua haraka ndani ya tumbo, lile jembamba halitui, linatoka na maji ya kufurika. Na lile jembamba ndilo lililoshika sumu! Kwa hiyo kabla meli haijatoka hata bandarini imeshamwaga mara ya kwanza, pale pale mbele ya Mtongwe, halafu inakwenda nje inafungua milango ya chini inamwaga mara ya pili. Fungu kubwa linaanguka chini kwa kishindo, lakini sehemu inabaki ikielea kama wingu na wingu hilo linafuata maji. Kila mvuvi wa pwani hii anajua maji ya bahari kuu yanakwenda kwa mkondo mkubwa unaopanda kaskazini, na wakati wa kusi unapanda kwa nguvu. Kaskazini ya Likoni ni Nyali, Bamburi, ile hifadhi ya bahari ya Mombasa, Shanzu, Mtwapa. Basi mnaposema mmemwaga mbali, mbali na nani?

Nisije nikaeleweka vibaya, nina mkwe anafanya kazi bandarini, na wateja wangu nusu ni makuli na madereva wa malori. Bandari ikifa na mimi nimekufa. Mkondo ulipochimbwa 2011 na 2012 ukafika mita 15 ili meli kubwa ziingie, kazi ilipatikana, kituo cha pili cha makontena kikafunguliwa 2016, gati jipya la mafuta likazinduliwa 2022, yote sawa, na sasa kuna Dongo Kundu. Meli zinazidi kurefuka na kina lazima kiongezwe, na tope la mito nalo halikomi kuingia, kwa hiyo kufukua kutaendelea hata tukilia. Sibishani na kufukua. Nabishana na kumwaga kitu ambacho watu wanaokula kutoka mahali hapo hawajaonyeshwa kipimo chake.

Pia nataka nikosoe upande wetu. Kuna watu wakiona tope jeusi linanuka yai viza wanapiga kelele sumu sumu, wanapiga video wanarusha. Jamani, tope la mikoko linanuka vile tangu enzi za babu, ile harufu ni ya vitu kuoza bila hewa na haina uhusiano na mafuta. PAH kubwa hazinuki vile, wala huzioni kwa macho, na tope lenye nyingi linaweza kuwa halina harufu yoyote ya kukushtua. Tukishikilia harufu watatushinda kwa dakika mbili. Tushikilie maabara.

Sasa naja kwa samaki na hapa naomba mniangalie mimi ninavyojiweka matatani, maana mtu anayeuza samaki akaandika gazetini mambo ya sumu ni kama anatafuta njaa. Lakini ukweli wake unatutetea kuliko uvumi. Samaki wa mapezi, tafi, changu, pono, kolekole, wakila hizi PAH ini lao linazivunja na kuzitoa kupitia nyongo, kwa hiyo kwenye nyama hazikai sana. Ndiyo sababu Muungano wa Ulaya mwaka 2011 uliondoa kiwango cha juu cha PAH kwa samaki mbichi, ukabakisha kwa chaza na kome na jamaa zao, mikrogramu 5 za benzopirini kwa kilo. Chaza hana ini la namna hiyo. Anachuja maji mchana kutwa na anachoingiza kinakaa. Kwa hiyo msiogope tafi wangu, lakini chaza wa hori za bandarini wanatakiwa kupimwa, na hao ndio wanaookotwa na akina mama na watoto maji yakitoka, hawapitii kwa mnada wala mzani, hawaandikwi popote.

Kwa samaki wenyewe lakini hadithi ni nyingine. Kuvunja sumu siyo bure, ndani ya ini ile kuvunja vunja ndiko kunakotoa vipande vinavyoharibu. Marekani huko Puget Sound, mahali palipokuwa na kiwanda cha kupaka mbao kreosoti, yale mafuta meusi ya kuzuia mbao zisioze, samaki wa chini walikutwa na uvimbe wa ini. Na baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska 1989 watafiti wakaja kuona kwamba mayai ya samaki yakiguswa na PAH kidogo sana, kidogo ambayo samaki mkubwa haitamuua, vitoto vinatoka na moyo mbovu. Halafu kuna la jua. Vitoto vya samaki na kaa vyenye mwili wa kuona ndani, vikishaingiwa na hizi haidrokaboni halafu jua likavipiga, sumu inakuwa kali zaidi. Jua la Mombasa na maji yetu ya kina kifupi ndani ya mwamba mnayajua. Kwa hiyo mvuvi anaposema tafi wamepungua na afisa anajibu "nyama tumepima iko safi" wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, manake nyama ya samaki aliyepona haikuelezi habari za wale ambao hawakuanguliwa.

Kuna bwana mmoja, mtu mzima mwenye elimu yake, aliponisikia nazungumza hivi akaniambia mbona hata moshi wa jiko lako una hiyo benzopirini, mbona hujilalamikii. Ni kweli! Moshi wa kuni unayo, samaki wa kukaushwa kwa moshi wanayo, hao Wazungu wameweka kiwango hata kwa samaki wa moshi, mikrogramu 2 kwa kilo. Na mimi tangu nijue nimehama kuni, kifua pia kilikuwa kinanisumbua. Lakini baba yangu, moshi wangu nimeuchagua mimi na naweza kuuzima. Tope lako sikulichagua na nikilikataa sina pa kulizima.

Wengine watasema ngojeni, kukiwa na shida samaki watakufa tutaona. Hapana. Kule Uingereza kaskazini mashariki, Teesside, mwezi wa kumi 2021 kaa na kamba mawe walianza kufa kwa maelfu, wakatupwa ufuoni marundo kwa marundo, kuanzia Hartlepool mpaka chini huko Whitby. Wavuvi wakasema ni kufukua kwa bandari, serikali ikasema ni mwani wenye sumu, watafiti wa chuo kikuu wakasema ni kemikali inaitwa piridini, halafu Januari 2023 jopo la wataalamu likasema haielekei kuwa ni kufukua wala ile piridini, labda ugonjwa mpya, na wavuvi wengi hawakuridhika mpaka leo. Sisemi nani mkweli. Ninachosema ni kwamba ile ni nchi yenye pesa na maabara na bado walibishana, kwa sababu wanyama wakishakufa unatafuta sababu nyuma nyuma, na bila vipimo vya kutosha vya kabla kila mtu anashinda kwa mdomo wake. Sisi tukifika hapo tutaweza?

Na sheria tunazo tele, sijui kwa nini tunajifanya maskini wa sheria. Kenya iliingia 2008 kwenye ile Itifaki ya London ya 1996 inayohusu kutupa vitu baharini. Itifaki hiyo inakubali tope la kufukua lifikiriwe kumwagwa, ndiyo, lakini baada ya kulichunguza, na kila nchi iwe na orodha ya sumu na viwango vyake, kikivukwa halimwagwi hivi hivi, na haidrokaboni za mafuta zimetajwa humo kwa jina pamoja na zebaki na kadimiamu. Tena inasema kama kuna njia nyingine ya kulitumia au kulitibu bila hatari kubwa wala gharama isiyo na kiasi, basi ruhusa ya kumwaga inyimwe. Wafaransa nao walitunga sheria 2016 kwamba tope lililochafuka kupita kiwango lisimwagwe tena baharini kuanzia Januari 2025. Hapa nyumbani Katiba kifungu cha 42 kinanipa haki ya mazingira safi, cha 70 kinaniruhusu kwenda kortini hata kama siwezi kuonyesha nimepata hasara gani, cha 35 kinanipa haki ya habari zilizo kwa serikali. Na tuna mfano wetu wenyewe hapa hapa Mombasa, Owino Uhuru. Wale watu wa mtaa huo walilia sumu ya madini ya risasi (lead) ya kiwanda miaka mingi wakaonekana wasumbufu, mpaka damu ilipopimwa na nambari zikawekwa mezani ndipo mwaka 2020 korti ya mazingira ikawapa shilingi bilioni 1.3, na hata hapo bado walizungushwa na rufaa. Nambari ndiyo iliyowasimamisha.

Kwa hiyo tunataka nini. Kabla dreja yoyote haijaanza, sampuli zichukuliwe gati kwa gati na kwa tabaka, za ndani zisichanganywe na za nje, zile PAH 16 zitajwe moja moja siyo "mafuta kwa jumla" kwa sababu hiyo jumla inaficha ipi ndiyo mbaya. Mvuvi wa BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo, awepo kwenye mashua wakati zinachukuliwa, na nusu ya sampuli ifungwe iwekwe kwa wataalamu wa KMFRI, ile taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani ili tukibishana kuwe na cha kurudia. Chaza wapimwe kabla, wakati wa kazi, na baada. Wamarekani wana mpango wa kupima chaza na kome wa pwani zao tangu 1986, kila mara wanarudi kwa mahali pale pale, wala si teknolojia ya kwenda mwezini. Mtongwe, Tudor, Mtwapa, na mahali pamoja pa mbali pa kulinganishia, inatosha kuanzia.

Lile tope litakaloonekana safi litumieni, mchanga unatakiwa kila mahali, si kila siku mnatafuta wa kujazia ardhi mpya? Lile chafu lisiende baharini wazi wazi. Boston walichimba mashimo chini ya mkondo wa bandari yao wakaweka lile chafu humo na kulifunika kwa mchanga. Kuna kulizungushia ukuta nchi kavu. Ni ghali, najua, lakini msiseme hakuna njia, semeni bei, tuijue, halafu tuone ni nani mnataka ailipe.

Na ripoti iletwe kwa Kiswahili. Siyo ile ya kurasa mia tano ya Kiingereza inayowekwa ofisini Nairobi au kwenye tovuti ambayo simu yangu haifungui. Karatasi mbili, ramani yenye alama ya mahali pa kumwaga, jedwali la vipimo na kiwango kando yake, ibandikwe kwa mlango wa kila BMU kuanzia Likoni mpaka Mtwapa. Tuna vijana waliosoma, watatusomea.

Mhariri, ungemtuma mwandishi wako mmoja akaulize tu hili la jedwali lingetusaidia kuliko mimi kuandika barua kumi. Na aulize mapema. Kaskazi ikishaingia maji yanatulia, huo ndio wakati mzuri wa kuchukua vipimo vya kabla, kusi ikianza hakuna atakayetoka na kimashua cha sampuli na mkandarasi atasema muda wa tenda unakwisha.

Ni mimi,
Mama karanga,
Likoni, Mombasa